Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Mama yangu hakuwahi kuukubali uchoraji. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa mkasi na futi, na kwake yeye kazi ya mikono ni ile inayovaliwa au inayoliwa, basi. Nilipoacha kuandika mabango ya maduka nikasema sasa nachora nyuso za watu, aliniuliza hao watu watakuwa wanafanya nini huko ukutani. Sikumjibu. Mimi nina mdomo, sikatai, lakini mdomo wenyewe nimeurithi kwake, na tukianza kujibizana hapakaliki.

Ndiyo maana siku aliponiambia nimchore nilidhani ananitania. Tulikuwa tumetoka kliniki ya macho. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kutibiwa, mshipa umechoka. Kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone ni ya kuchunga kilichobaki, na kilichobaki si kingi. Mama alimsikiliza kama mtu anayetajiwa bei ya kitambaa asichotaka kununua. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake, akavua viatu, akasema nimchore, ila nifanye upesi, kwa sababu anataka kuiona hiyo picha kwa macho yake.

"Miaka yote nasikia tu unachora," alisema. "Nataka nijue nilikuwa nakugombeza kwa ajili ya kitu gani."

Niliingia jikoni nikajifanya natafuta sukari. Nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi na chai.

Wakati huo nilikuwa nimechaguliwa kwenye programu ya ukaazi pale jumba la sanaa. Ukaazi wenyewe si wa kulala, jioni kila mtu anarudi kwake. Wanachukua wasanii wachache, kila mmoja anapewa chumba cha kazi, rangi, kanvasi na mlezi, na kwa miezi kadhaa mnafundishwa yale ambayo msanii wa mtaani hafundishwi na mtu: namna ya kupiga picha kazi zako zisitoke na kivuli, namna ya kuandika maelezo yako yasisomeke kama barua ya posa, namna ya kuzungumza na mnunuzi bila kumpigia magoti. Mwisho wake kuna siku ya milango wazi. Watu wanaalikwa, wanazunguka chumba hadi chumba, na kila msanii anasimama mbele ya kazi yake anaisemea. Nilimwahidi mama kwamba siku hiyo ataikuta sura yake imetundikwa. Akasema vizuri, lakini kabla ya siku hiyo haangalii hata kidogo, kwa sababu nguo haipimwi ikiwa haijashonwa.

Mlezi wetu tulimwita Bi Miwani, kwa kuwa miwani yake ilining'inia kifuani kwa mnyororo na hakuna aliyewahi kumwona ameivaa. Alikuwa mjuzi, sitamsingizia. Siku moja kwenye warsha ya kujitangaza nilimwambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo mimi naona nikae tu kwangu. Akanijibu kwamba amewajua wema wengi waliokaa tu kwao mpaka wakazikwa na picha zao. Watu walicheka, na mimi nikacheka, maana alinipata. Alichokuwa akikihubiri kila siku ni kuachilia. Msanii asiyejua kuachilia kazi hajakua, alisema. Picha ukiing'ang'ania inakufia mkononi.

Chumba cha pili kutoka changu alikuwapo Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na sasa alichora matangi ya maji yaliyo juu ya mapaa, tangi moja baada ya jingine, kwa subira ya kutisha. Mtu mpole mpaka anakera. Alibisha hodi hata mlango ukiwa wazi na wewe unamtazama.

Basi mama akaanza kuja. Kaka yangu, fundi wa friji, alimteremsha asubuhi kwa pikapu yake, akamshika kiwiko mpaka ghorofani, akamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akaenda zake kazini. Siku ya kwanza tukagombana kuhusu kitambaa cha kichwa. Alikuwa amefika na kile chake cha nyumbani, cha kahawia, chenye alama ya kuungua na pasi upande mmoja, kwa sababu kaka alimharakisha. Alipojua ndicho nitakachokichora akataka arudishwe nyumbani akavae cha kijani, kile cha harusi za watu. Nikakataa. Nikamwambia mimi nachora ninachokiona, hapa si kwa wapiga picha za pasipoti. Akasema nina roho ngumu kama baba yangu, akanuna, na mnuno huo ukanifaa sana maana aliketi wima bila kutikisika.

Mimi hutumia kisu kuliko brashi. Rangi naipaka nene, naikwangua, naipaka tena. Mama aliisikiliza sauti ya kisu akasema inamkumbusha mtu anayepaka siagi asiyoilipia. Kila siku kabla ya kuondoka aliniuliza nimefika wapi. Nikamwambia leo nimemaliza paji la uso. Leo nimefika puani. Leo nimeliweka lile kovu la kidevuni, alilolipata kwa kuanguka utotoni. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea hesabu iliyokwenda sawa. Macho niliyaacha mwisho. Nilipoyamaliza nilijua kwamba sijawahi kufanya kazi kama ile, na huenda sitafanya tena. Yalikuwa macho ya mtu anayekukagua upindo wa gauni na bado anakupenda. Kilichobaki kilikuwa kidogo, mkono mmoja na kivuli cha shingo.

Kila nilipomaliza kazi niliigeuza picha ikatazama ukuta. Hiyo ni tabia niliyoipata kwa fundi wa mabango aliyenifunza kazi. Uso usiokamilika, alikuwa akisema, usiuache ukikutazama, utauzoea pamoja na makosa yake; ugeuze, ili kesho ukiugeuza tena uukute kama mgeni, kwa sababu mgeni ndiye anayeona vumbi. Nimefanya hivyo maisha yangu yote wala sijawahi kumweleza mtu, kama usivyomweleza mtu unavyofunga kamba za viatu.

Ikafika siku ya kukosoana. Wote wakaja chumbani kwangu, nikaigeuza picha. Walisogea karibu. Kisha Bi Miwani akasema mkono wangu ni wa kweli, lakini picha inaomba ruhusa. Inambembeleza huyu mama aseme ndiyo. Kama angekuwa yeye angeiachilia, akaanza nyingine siku ambayo hatamwogopa. Damu ilinichemka. Nikamwambia huyu mama ana jina, ni mama yangu, na ruhusa ya kumbembeleza ninayo tangu nizaliwe. Akasema sawa, yeye ametoa maoni tu. Wenzangu wakatoka mmoja mmoja. Mwalimu alibaki amesimama karibu kabisa na ile picha, mikono nyuma, akiitazama uso kwa uso muda mrefu, kisha naye akaniaga kwa adabu zake akatoka.

Siku ya milango wazi ilipokaribia wakaleta mpiga picha atufundishe namna ya kupiga picha kazi zetu. Chumba changu ndicho kilichokuwa na mwanga mzuri, nikaombwa nikiachie siku hiyo. Nikaitoa picha ya mama, nikaipeleka kwenye korido, nikaiegemeza pale penye kanvasi nyingine, nikaigeuza ukutani kama kawaida yangu. Hata taa za mpiga picha hazijafungwa, kaka akapiga simu. Mama amejigonga.

Niliondoka mbio, mkoba begani, rangi kwenye vidole. Nikamkuta amekaa kitandani, juu ya nyusi pamevimba, anaulaumu mlango. Nani anaacha mlango nusu wazi, alitaka kujua. Mlango ni wa kufunga au kufungua. Kaka na mimi tukatazamana. Nikamwambia mama, kama macho yamezidi sema twende kwa daktari, mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba kifo kinapajua kwake, hakihitaji kuelekezwa na mimi.

"Naona," alisema. "Hata sasa nakuona umenuna."

Ni kweli nilikuwa nimenuna, kwa hiyo nikamwamini. Kesho yake sikutoka, nilikaa naye kumkanda uvimbe kwa maji baridi.

Niliporudi jumbani koridoni hapakuwa na kitu. Niliingia chumbani kwangu, haimo. Nikauliza ofisini, hawajui. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi nikapita nikachungulia, na kwenye stendi yake ilikuwapo kanvasi nyeupe, imepigwa andakoti safi, ile rangi nyeupe ya chini, inakauka. Nisingeijali. Lakini kwenye kona ya fremu kulikuwa na msumari uliopinda, na ule msumari niliupinda mimi mwenyewe siku niliyoiwamba kanvasi ile.

Mwalimu aliponiona akainuka na brashi mkononi, uso umekunjuka.

"Karibu dada. Nilikuwa nakutafuta nikushukuru."

Sikumbuki yote niliyoyasema baada ya hapo, na ninayoyakumbuka sitayarudia. Nilimwita majina. Nilimwambia ameua. Jumba zima lilikusanyika, na pale ndipo nilipoelezwa kitu ambacho kila mtu alikijua isipokuwa mimi. Kwao, tangu programu ilipoanza, kanvasi inayowekwa koridoni imegeuziwa ukuta maana yake mwenyewe ameiachilia. Mwenye shida anaichukua, anaifunika kwa andakoti, anaanza upya. Hakuna kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kumtonesha kidonda aliyeamua kuachana na kazi yake. Iliyogeuzwa haiulizwi, hivyo ndivyo walivyosema wote, kama sala. Walikuwa wameambiwa siku ya utambulisho. Siku ya utambulisho mimi nilikuwa kliniki na mama.

Nikamuuliza Mwalimu kama hakuiona. Kama aligeuza akakuta uso wa mtu akaufunika hivi hivi. Akasema aliiona. Aliitazama sana. Aliona ni nzuri kuliko kitu chochote kilichofanywa mle ndani, na akasema moyoni, huyu dada amesikia neno la mlezi, ana nguvu ambazo mimi sina. Alipiga andakoti mara mbili, kwa heshima.

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga. Mtu mbaya ungempiga ukapumua. Huyu alisimama tu, brashi inamdondoka vidoleni, macho yamejaa maji, na mimi nikabaki na mkono wangu hewani nisijue niupeleke wapi. Bi Miwani akanishika bega akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia aniondolee methali zake.

Nilijaribu kufuta. Nilichukua kitambaa na tapentaini nikaanza chini kabisa, pale penye bega, ili nikiharibu niharibu bega. Weupe ulitoka, na bega likatoka nao, rangi yangu ilikuwa haijakauka ndani. Nikaacha. Kwa siku zilizobaki nilifanya kila nililoliweza. Nilimwomba mama aje akae tena, nikamdanganya kwamba nataka kurekebisha mkono. Akakataa, mgongo unauma, na nilikwisha kumwambia imekamilika bado mkono, basi mkono nichore wangu, umetoka humo humo mwilini mwake. Nikaweka kanvasi nyingine nikajaribu kwa kumbukumbu. Nilipata mwanamke fulani mwenye kitambaa. Mimi nachora ninachokiona, nilikuwa nikijisifu hivyo, na sasa sikuwa na cha kukitazama.

Ndipo hasira ikanipa wazo. Nikasema nitaitundika hiyo hiyo nyeupe. Watu waje, waione, na zamu yangu ya kusema ikifika nitawaeleza hapa alikuwapo nani na nani aliyemfunika na kwa kanuni ya nani. Nilimwandaa Mwalimu moyoni mwangu kama anavyoandaliwa mtu wa kunyolewa. Bi Miwani alikuja kunishawishi nitundike kazi zangu za zamani, akaona uso wangu akarudi. Kuhusu mama, nilimwambia kaka amwambie shughuli imeahirishwa. Ukweli wenyewe nitampa baadaye, nyumbani, polepole. Jinsi ya kumpa sikujua. Kila nikifikiria kumwambia kwamba ile sura aliyoingojea kabla giza halijamfikia haipo, nilijitafutia kazi nyingine ya kufanya.

Siku ikafika. Vyumba vikajaa watu na bilauri zao. Kwenye chumba changu hapakuwa na kitu ila kanvasi moja nyeupe yenye doa chafu chini, na mimi pembeni, mikono nimeikunja. Wageni walikuja wakaitazama. Mmoja mwenye kofia alisema inamgusa. Mwingine akamwambia mwenzake kwamba hapa msanii anatulazimisha tujione wenyewe. Nikasema kimoyomoyo, subirini. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na mlango, hakuthubutu kuingia wala kuondoka.

Zamu yangu ikatangazwa. Watu wakasogea. Nikaanza kusema kwamba picha hii ilikuwa na mtu, na kwamba mwenzetu mmoja humu ndani, na pale pale nikaona vichwa vinageuka mlangoni.

Kaka alikuwa ameingia na mama. Amemshika kiwiko. Kaka yangu hajui kudanganya, tangu utotoni akidanganya masikio humwiva, na baadaye aliniambia kwamba mama alivaa tangu alfajiri akakaa na mkoba wake mapajani, hakuna neno la kuahirishwa lililomwingia. Alikuwa amejifunga kile kitambaa cha kijani. Watu wakampisha. Nilimwona akimnong'oneza kaka, na kaka akamshika mabega yote mawili akamgeuza kuielekea kanvasi, kisha mwenyewe akaiona, mdomo ukamwachama, akanitazama mimi. Nilinyanyua mkono. Nilikuwa nataka kusema mama, ngoja.

Mama alikwisha kuinua kidevu. Alitazama kwa utulivu, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama alivyokuwa akitazama sare kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe. Ila hakuitazama kanvasi. Alitazama pembeni yake, kwenye swichi ya taa.

"Ndiye mimi," alisema. "Jamani, ndiye mimi kabisa. Hata kovu la kidevuni amelitia."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akakatiza. Baada ya hapo hapakuwa na sauti chumba kizima.

Nilielewa yote kwa mara moja, na yaliniuma vibaya sana, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mlango nusu wazi. Kiwiko ambacho kaka hakukiachia tena. Nguo haipimwi ikiwa haijashonwa. Umefika wapi leo. Nilikuwa nimemkalisha kwenye mwanga wa dirisha nikimkodolea macho kuliko mtu yeyote duniani, najisifu kwamba nachora ninachokiona, na sikuona kwamba mbele yangu macho yale yalikuwa yanazimika. Hasira yote niliyoiandaa ikaniishia mwilini. Nilitafuta hata chembe yake ya kumtupia Mwalimu nisiipate.

"Mbona kimya?" mama aliuliza. "Nimekukatiza?"

Nikasema hapana. Mwalimu alikuwa ameleta kiti, hakuna aliyemtuma, akamshika mama mkono akamwelekeza kukaa. Mama akashukuru, akauliza huyu ni nani mwenye mikono baridi hivi. Nikasema ni Mwalimu, mwenzangu hapa.

"Umemwona mwanangu, Mwalimu? Amenipatia, au nasema kwa kuwa ni wangu?"

Watu wote walimtazama yeye. Mimi pia nilimtazama, na kama angekohoa vibaya tu angetumaliza wote.

"Amekupatia, mama," alisema. "Mimi nimeiona hii picha kwa karibu kuliko wote waliomo humu. Mdomo ni wa mtu aliyetaka kugomba akabadili nia. Na macho, mama, nikikaa nayafumba yangu nayaona yako. Sitayasahau."

Hakuwa amedanganya neno hata moja. Mama alitabasamu akainamisha kichwa, akasema basi, watu waendelee na mambo yao, wasimkodolee yeye na picha ipo. Bi Miwani alikuwa ameivaa miwani yake. Akawaomba wageni, kwa sauti ya chini, waelekee chumba kinachofuata, wakatoka taratibu kama watu wanaotoka msibani.

Nikampeleka mama chini mwenyewe. Kaka alitangulia kuwasha gari. Ngazini alishika ukuta kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, akahesabu vidato kwa mguu, na nilishangaa nilikuwaje sikuuona mguu ule siku zote. Katikati akasimama.

"Nimesema vizuri?" aliniuliza. "Mbele za watu."

"Umesema vizuri, mama."

"Kaka yako alisema watakuwa wengi. Nikaona nisije nikakuaibisha, waseme mama yake hata kutazama picha hajui."

Nikaketi pale pale kwenye ngazi, naye akaketi. Nikamuuliza tangu lini. Akapapasa mkoba wake.

"Ulipofika puani nilikuwa bado nakuona. Kama kivuli, lakini wewe. Ulipofika kwenye macho, nilikuwa nasikia kisu tu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia ningeacha kuchora nikaanza kulia, ananijua, na yeye alitaka imalizike. Kisha akanipigapiga goti kama anayeharakisha mtoto kumaliza chakula.

"Sasa nieleze ilivyo. Usinipambe."

Nikamweleza. Nikaanzia juu, kwenye paji la uso na mikunjo yake mitatu, ule wa katikati umekatika. Nikamweleza nyusi, moja iko juu kidogo. Nikamweleza pua, akasema pua ile ni ya mama yake, lawama zote kwa huyo. Nikamweleza kovu, na mdomo, na yale macho yanayokukagua upindo wa gauni na bado yanakupenda. Nilisema kila kitu kwa mpangilio wake, na nilipokuwa nasema niliiona, safi, kama siku niliyoiacha koridoni. Tangu walipoifunika sikuwa nimeweza kuiona hata mara moja. Mama alisikiliza, uso ameuelekeza ukutani, midomo inamcheza.

"Na kitambaa je?" aliuliza. "Si ulinivalisha kile kilichoungua."

Nilimtazama. Mwanga wa ngazini ulikuwa mzuri, ulimwangukia upande mmoja wa shavu.

"Cha kijani," nikasema. "Nilibadilisha mwishoni."

Akainua mkono taratibu akagusa fundo la kitambaa chake, akalikaza vizuri.

"Nilijua tu," alisema. "Haya, ninyanyue, kaka yako ana mafriji ya watu yanamngoja."